Sura ya Tano: Mlango Ambao Kipindupindu Hakiufungi

Msimu wa maembe ulipoingia, bibi yangu mzaa mama alikuwa akitengeneza achari uani kwake, Malindi ya Unguja. Aliyamenya maembe mabichi, akayakata vipande vya urefu wa kidole, akavipanga kwenye sinia na kuvinyunyizia chumvi. Asubuhi sinia ilikuwa kavu. Ilipofika adhuhuri vipande vilikuwa vimenywea na kulegea, na chini yake pametuama maji ya rangi ya manjano. Hakuna aliyetia hata tone. Nilipomuuliza yametoka wapi, alinijibu huku akiinamisha sinia kuyamwaga: "Mwanangu, chumvi huita maji."

Alisema kweli. Lakini miaka mingi baadaye, nilipokuwa nasomesha baiolojia, swali lilinirudia kwa sura nyingine. Chumvi ilikuwa nje ya embe, maji yalikuwa ndani. Kwa nini maji ndiyo yaliyotoka? Kwa nini chumvi haikuingia tu, vikakutana mle ndani yakaisha? Jibu la swali hilo ndilo limeokoa mamilioni ya watoto duniani, na Unguja ni mahali pazuri pa kulieleza, kwa sababu mji huu umeshazika watu wengi kwa kutolijua.

Embe limejengwa kwa seli, kama wewe na mimi, na kila seli imezungukwa na utando. Utando huo ni mwembamba mno: panga zaidi ya 10,000 moja juu ya nyingine ndipo upate unene wa karatasi moja ya daftari. Umeumbwa kwa tabaka mbili za mafuta zilizolaliana. Kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia, kwa hiyo vichwa vimetazama nje na ndani, na mikia imejificha katikati. Aliyewahi kupika mchuzi anajua mafuta na maji hayachanganyiki. Basi katikati ya utando kuna bahari ndogo ya mafuta ambayo kila kitu kinachopenda maji hakiwezi kuivuka kwa nguvu zake chenyewe.

Oksijeni huivuka bila kupiga hodi. Hewa chafu tunayoitoa puani nayo hivyo hivyo. Chumvi haivuki. Ikiingia majini huachana vipande viwili, sodiamu na kloridi, kila kimoja kina chaji ya umeme, na kila kimoja hujizungushia maji mwilini mwake kama mtu aliyejitanda kanga. Mafuta hayakipokei kitu cha namna hiyo. Sukari haina chaji, lakini ni kubwa na inayapenda maji kupita kiasi, nayo hubaki nje. Maji yenyewe hujipenyeza kidogo kidogo, na seli nyingi zimeyawekea mifereji yake maalumu ya protini, inayoitwa akwaporini. Mmarekani Peter Agre aliitambua mifereji hiyo mwaka 1992, na mwaka 2003 akapewa Nobel ya kemia.

Hapo ndipo jibu la sinia lilipo. Chumvi imekataliwa mlangoni, maji yameruhusiwa. Mchanganyiko ukiwa haulingani pande mbili, anayeweza kutembea ndiye anayetembea, na maji huelekea kwenye chumvi nyingi mpaka pande zikaribiane. Wanasayansi wanauita mwendo huo osmosisi. Wauza ng'onda wa Darajani wanaishi kwa osmosisi: samaki aliyekolea chumvi hukaa wiki nyingi bila kuoza, kwa sababu bakteria wanaomkaribia nao hunyonywa maji kama embe la bibi.

Osmosisi peke yake, hata hivyo, isingetuweka hai hata siku moja. Utando huvuja. Sodiamu iliyoko nje, ambayo ni kama mara kumi ya ile ya ndani, hupata vijia na kuingia. Mvuvi wa Nungwi anaijua hali hii vizuri kuliko mwalimu wa kemia: ngalawa ya mbao haikosi kuvuja, na usalama wake ni mtu mmoja aliyeketi chini na kopo, akifua maji safari nzima. Seli nayo ina mfua maji wake. Ni pampu ya protini iliyokita katika utando, na kila ikijipinda mara moja hutoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, kwa kutumia nishati ya chakula. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, na Nobel ikamfikia mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Sehemu kubwa ya nishati tunayoitumia tukiwa tumelala usingizi huishia kwenye kazi hiyo tu, ya kufua sodiamu.

Ukitaka kuona kazi ya namna hiyo kwa macho, nenda ghuba ya Chwaka wakati wa maji kupwa, uitafute miti ya mchu. Mchu huota kwenye maji ya bahari, hunywa maji ya chumvi, na hauendi mbali kuitupa chumvi yake: seli za majani huisukuma nje kinyume na mteremko wake. Siku kavu gusa jani kisha ulambe kidole. Utakachokionja ni jasho la pampu.

Kumbuka yule mfua maji wa seli, maana tutamrudia. Sasa twende mjini.

Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja. Mjini alikuwapo tabibu Mskoti, James Christie, aliyekuwa akimtibu Sultani. Christie hakuishia kutibu. Aliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara, akafuatilia nyayo za ugonjwa kurudi nyuma: kutoka Pangani, kupitia nchi ya Wamasai, hadi upande wa Bahari ya Shamu. Mwaka 1876 alichapisha London kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, kuanzia ule wa 1821. Kwangu mimi ni moja ya kazi kubwa kabisa za uchunguzi wa maradhi zilizowahi kufanyika pwani yetu, na inasikitisha kwamba skuli zetu hazimtaji. Aliijua njia ya ugonjwa. Hakukijua kidudu chenyewe, kwani Robert Koch alikitangaza mwaka 1884, baada ya kukitafuta Misri na Calcutta. Wala hakujua kinachotendeka tumboni mwa mgonjwa.

Alichokiona ni hiki, na waliowahi kuuguza wanakijua. Mtu mzima mwenye afya anaanza kuharisha asubuhi. Baada ya muda mfupi hakitoki choo tena, yanatoka maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Katika hali mbaya hutoka lita nzima kwa saa moja. Macho yanazama, sauti inakauka, ngozi ya vidole inajikunja kama ya mtu aliyefua siku kutwa. Misuli ya miguu na tumbo inakazana na kupinda kwa maumivu, na neno letu kipindupindu limebeba ndani yake kule kupinda na kupinduka. Magharibi mtu amekufa. Mji Mkongwe wakati ule ulikuwa ukinywa maji ya visima vilivyochimbwa karibu na mashimo ya vyoo na makaburi, na mkono wa bahari uliingia hadi Darajani, ukiutenga mji na Ng'ambo, na kupokea uchafu wa pande zote mbili. Ni Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyeuletea mji maji ya mabomba kutoka kwenye chemchemi.

Kwa karne nzima watu waliamini kwamba utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu umeharibika: umechunika, umetoboka, hauwezi kupokea kitu. Kutokana na imani hiyo yalikuja mashauri mabaya, na baya kuliko yote lilikuwa kumnyima mgonjwa maji ili tumbo "lipumzike". Fikiria mtu anapoteza lita kumi kwa siku, na walioketi pembeni yake wanaificha kata.

Utumbo haujaharibika. Ukiutazama kwa hadubini, seli ziko kamili, zimejipanga. Kilichotokea ni jambo dogo na la kutisha zaidi.

Kila siku utumbo wa mtu mzima hupokea kama lita nane au tisa za majimaji. Lita mbili tumezinywa; zilizobaki ni mate, nyongo, na maji ya tumbo na kongosho. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachotoka na choo hakijazi hata kikombe. Seli za utumbo zina milango ya kutoa na milango ya kuingiza, na afya ni mizani kati ya hiyo miwili. Kidudu cha kipindupindu hakiingii ndani ya seli. Hukaa juu yake na kutema sumu, ambayo mwaka 1959 daktari wa Calcutta, Sambhu Nath De, aliithibitisha kwa kutumia utumbo wa sungura. Sumu hiyo ina sehemu mbili. Moja ni mkono wenye vidole vitano unaoukamata utando. Nyingine huteleza ndani, ikaenda moja kwa moja kwenye swichi inayoamuru mlango wa kloridi ufunguke, ikaigandisha. Mlango ukabaki wazi. Kloridi ikamwagika kwenye utumbo, sodiamu ikaifuata kwa mvuto wa umeme, na maji, kama kwenye sinia ya bibi, yakazifuata zote mbili. Na sumu hiyo hiyo huuziba mlango mmojawapo ambao kwa kawaida huingiza chumvi.

Mgonjwa, basi, anageuzwa embe. Chumvi iko upande wa pili wa utando, na inayaita maji yake.

Ukijua hayo, utaona kwa nini maji matupu hayatoshi. Maji yaliyonywewa hayana kitu cha kuyavuta kuelekea mwilini. Mvuto wote uko upande wa nje. Maji ya chumvi pekee nayo hayasaidii, kwa sababu mlango wake mkuu umezibwa. Kilichobaki miaka mingi kilikuwa sindano. Mskoti mwingine, Thomas Latta, aliwatilia wagonjwa maji ya chumvi mshipani huko Leith mwaka 1832, na baadhi yao wakainuka kitandani wakati jamaa zao walishakata tamaa. Dripu inaokoa mpaka leo, na mgonjwa aliyelegea, asiyeweza kunywa au asiye na mkojo, apelekwe hospitali akatiliwe, bila kungoja. Lakini dripu inataka chupa safi, sindano, na mtu aliyesomea. Kijiji kilicho mwisho wa barabara hakina vitu hivyo saa nane za usiku.

Mwezi Agosti 1960, kwenye mkutano wa wanasayansi jijini Prague, Robert Crane alieleza jambo ambalo siku ile halikuonekana kuhusiana na kipindupindu hata kidogo. Alikuwa akijiuliza sukari inavukaje utando wa utumbo ilhali ni kubwa na haiyeyuki katika mafuta. Akasema: haivuki peke yake. Upo mlango ambao sukari aina ya glukosi huingia ikiwa imeshikana mikono na sodiamu. Leo tunaujua mlango huo kwa jina la SGLT1, na tunajua hesabu yake: sodiamu mbili, glukosi moja, kwa pamoja au haufunguki. Nguvu ya kuingia inatoka wapi? Inatoka kwa yule mfua maji wetu. Pampu ya upande wa nyuma wa seli imeshaitoa sodiamu, ndani kuna njaa ya sodiamu, kwa hiyo iliyoko kwenye utumbo inakimbilia ndani na kuivuta sukari. Vikishaingia viwili hivyo, maji huvifuata. Bibi angesema vimeyaita.

Na sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo. Inafungua wa kloridi, inaziba wa chumvi, lakini mlango wa sukari na sodiamu inauacha kama ulivyokuwa.

Nimesomesha habari hii mara nyingi na bado hunisimamisha. Mgonjwa anaharisha lita kwa saa, na wakati ule ule, kwenye seli zile zile, mlango uko salama, unasubiri mtu alete sukari na chumvi kwa kipimo kinachofaa. Dawa ilikuwa jikoni kwa kila mtu wakati wa Christie. Ilikuwapo Malindi, Vuga, na kwenye kila kibanda cha Ng'ambo. Kilichokosekana ni kujua kwamba viwili hivyo viende pamoja.

Mwaka 1968 madaktari waliokuwa Dhaka walionesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaokunywa mchanganyiko huo huhitaji dripu kidogo sana. Jaribio kubwa likaja bila kupangwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika kwenye kambi ya Bongaon, upande wa India, kipindupindu kikawaingia, na chupa za dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawapa ndugu za wagonjwa vikombe wawanyweshe wenyewe. Vifo vilikuwa kama asilimia 30. Kwa waliokuwa chini yake vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba ugunduzi wa mlango huu huenda ndio maendeleo makubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile. Nakubaliana nalo.

Dawa hiyo ndiyo pakiti ya ORS unayoikuta kituo cha afya. Ndani yake mna sukari ya glukosi, chumvi ya kawaida, chumvi ya potasiamu kwa ajili ya ile iliyopotea, na sitreti ya kupunguza asidi katika damu. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza ukali wake. Kabla ya hapo wingi wa vitu vilivyoyeyuka ulikuwa 311 kwa kipimo ambacho damu yetu ni kama 290. Sasa ni 245, na sodiamu na glukosi zimelinganishwa, 75 kwa 75. Dawa ikiwa nyepesi kuliko damu, osmosisi nayo inakuwa upande wa mgonjwa.

Hapa niombe radhi kwa kukaa kwenye tarakimu, lakini watoto hufa ndani ya tarakimu hizi. Mwaka 2016, mlipuko uliokuwa umeanza mwaka uliotangulia ulipopamba moto Zanzibar, skuli zikafungwa mwezi Aprili na chakula cha kando ya njia kikapigwa marufuku, mama mmoja wa mtaani kwetu alikuja kunigongea usiku. Mwanawe alikuwa akinywa ORS tangu asubuhi na kuharisha kumezidi. "Mwalimu, dawa hii ni mbovu," aliniambia. Nilimuomba anioneshe alivyochanganya. Alikuwa amemimina pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita, kwa sababu ndiyo chupa aliyokuwa nayo, na kwa sababu aliona ikikolea itafanya kazi haraka. Dawa ya 245 ilikuwa imekuwa ya 490. Ilikuwa kali kuliko damu ya mtoto, na badala ya kumuingizia maji ilikuwa ikimtoa. Tulichanganya upya kwa lita moja kamili, akamnywesha kijiko kimoja kimoja, na alfajiri tukampeleka kituoni. Alipona. Mama hakuwa na kosa. Alipewa pakiti, hakupewa sababu.

Ukiishika sababu, mengine unayajibu mwenyewe. Soda? Ina sukari nyingi inayozidi damu kwa mara mbili, na sodiamu haitoshi kuufungua mlango. Chai ya rangi isiyo na chumvi? Ni maji tu. Dafu tunalipenda, na lina potasiamu kwa wingi, lakini sodiamu yake ni kidogo. Halichukui nafasi ya ORS. Uji mwembamba wa mchele wenye chumvi kidogo, ambao wazee wetu huwapa wagonjwa, una hoja nzuri upande wake. Wanga ni glukosi nyingi zilizofungwa pamoja, utumbo huzifungua pole pole, na mlango hupata sukari bila mchanganyiko kuwa mkali. Tafiti za kipindupindu zimeonesha kwamba ORS ya mchele hupunguza kuharisha. Na mtoto wa chini ya miaka mitano apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na ORS.

Mwaka 2009 Unguja na Pemba ziliingia katika historia ya ugonjwa huu kwa njia nyingine. Wizara ya Afya ya Zanzibar na Shirika la Afya Duniani walitoa chanjo ya kunywa katika shehia zilizokuwa zikishambuliwa mara kwa mara, Chumbuni ikiwa mojawapo. Chanjo ile ilikuwa na vidudu vilivyouliwa pamoja na kipande cha sumu yenyewe, ule mkono wa vidole vitano usio na madhara ukiwa peke yake. Mwili ukijifunza kuuzuia mkono, sumu haipati pa kushika utando. Karibu nusu ya watu wapatao 48,000 waliolengwa walipata dozi zote mbili. Kwao hatari ya kipindupindu ilipungua kwa asilimia 79, na majirani wasiochanjwa walioishi katikati ya waliochanjwa wengi nao walinufaika. Mwaka 2018 ukaanza mpango wa miaka kumi wa kuutokomeza ugonjwa huu Zanzibar ifikapo 2027. Kazi kubwa ya mpango huo ni mabomba, vyoo na mitaro, na ndivyo inavyostahili, kwa sababu ORS huokoa aliyekwisha kunywa maji machafu, haiyasafishi.

Mpaka mabomba hayo yafike kila nyumba, nina ombi kwa msomaji. Leo hii, kabla hajaugua mtu, tafuta chombo cha nyumbani kwako ambacho unajua kinachukua lita moja kamili, ukitie alama kwa rangi isiyofutika. Weka pakiti mbili za ORS karibu nacho. Siku pakiti zitakapokosekana, chemsha maji lita moja, yaache yapoe, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimepigwa sawa juu, koroga mpaka viyeyuke, uonje. Yasiwe na chumvi kuliko machozi.